Kuvunjika kwa Kiwiko, Aina Zake na Namna ya Kukitibu



Msimu wa maembe ukifika huku kwetu Kasulu na Kibondo, watoto hushinda juu ya miti toka asubuhi mpaka jioni, na kila mwaka wako wanaoshuka upesi kuliko walivyotaka. Mtoto aangukapo hunyosha mkono ili ajikinge. Kiganja chatua kwanza, uzito wa mwili wafuata, na pahali paumiapo mara nyingi ni kiwiko. Mambo ni hayo hayo kwa mpanda baisikeli ateremkaye vilima vyetu na mikungu ya ndizi nyuma, na siku hizi kwa mpanda pikipiki.

Nimechagua kuandika juu ya jambo hili kwa kuwa watu hulidharau. Mfupa wa paja ukivunjika, kila mtu huona kwamba ni hatari, na jirani hutafuta gari. Kiwiko kikivunjika, mtu husema, "Ameteguka kidogo tu," akachemsha maji, akaanza kukanda. Lakini katika mikono yote niliyopata kusoma habari zake, hakuna sehemu ambayo kosa dogo laweza kumfanya mtoto awe kilema upesi kama hapo.

Kwanza tupatane juu ya jina. Kiungo ninachosema ni kile cha katikati ya mkono, pale unapokunjika. Wengine hukiita kisukusuku, wengine kivi, na wako waitao kiwiko kile kiungo kilicho karibu na kiganja. Katika makala hii kiwiko ni cha katikati.

Mifupa mitatu hukutana hapo. Wa juu huitwa humerasi. Ya chini ni miwili: alna, upande wa kidole kidogo, na rediasi, upande wa kidole gumba. Msomaji, kunja mkono wako sasa hivi, uguse ile ncha ngumu ya nyuma. Hiyo ni sehemu ya alna, nayo huitwa olekrano. Halafu gusa vifundo viwili vya pembeni, kimoja ndani na kimoja nje. Hivyo ni vya humerasi. Mkono ukiwa umekunjwa, nukta hizo tatu hufanya pembetatu. Ukiunyosha, zote hulala katika mstari mmoja. Hata kabla ya Wilhelm Conrad Röntgen kuvumbua eksirei mwaka 1895, waganga wa zamani walitumia pembetatu hiyo kupambanua maumivu: kiungo kikiteguka, pembetatu huharibika, humerasi ikivunjika juu ya vifundo, mkono waonekana umepinda vibaya lakini pembetatu yenyewe i sawa. Kwa kidole tu mtu aweza kujua mengi.

Sasa weka kidole upande wa nje, chini kidogo ya kifundo, ukageuze kiganja juu na chini kama mtu afunguaye kufuli. Utasikia kitu kinazunguka. Hicho ni kichwa cha rediasi, cha mviringo kama kifuniko cha chupa. Na nyuma ya kifundo cha ndani hupita neva ya alna, ile ambayo ukiigonga kwenye pembe ya dawati wahisi umeme mpaka kidole kidogo.

Jambo moja huwatatiza hata madaktari. Kiwiko cha mtoto mchanga ni gegedu tupu upande wa mwisho wa mifupa, na eksirei haioni gegedu. Vituo sita vya mfupa huanza kuonekana kimoja baada ya kimoja, kwa kukadiria katika umri wa mwaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Wasichana huwatangulia wavulana. Kwa hiyo asiyejua aweza kuona kituo cha kukua akadhani ni kipande kilichovunjika, au akaona kipande kilichovunjika akadhani ni kituo cha kukua. Basi mzazi asikasirike akiona mtoto wake anapigwa picha ya mkono wa pili ulio mzima. Daktari ataka kulinganisha.

Kuna aina nyingi za kuvunjika hapo, lakini kwa watoto moja yazidi nyingine zote: humerasi kuvunjika juu kidogo ya vifundo vyake. Zaidi ya nusu ya viwiko vya watoto vivunjikavyo ni vya namna hii, na hasa huwapata walio na miaka 5 mpaka 7. Kwa nini hapo? Kwa sababu mfupa huo, ulio mviringo kama mpini wa jembe hapo juu, hufika chini ukawa bapa, tena una shimo mbele na shimo nyuma ili kuipa alna nafasi ya kuingia mkono ukikunjwa na ukinyoshwa. Baina ya mashimo hayo mawili hubaki ukuta mwembamba tu. Mtoto akianguka na mkono ulionyoka, olekrano huingia katika shimo la nyuma, ikasukuma kama mtaimbo, na ule ukuta hukatika. Katika 100 za namna hii, zaidi ya 95 hukatika hivyo, kipande cha chini kikasogea nyuma. Zilizobaki ni za mtoto aliyeangukia ncha ya kiwiko kilichokunjwa, na kipande husogea mbele.

Mwaka 1959 daktari wa Marekani, John Gartland, alizigawa katika madaraja matatu, na mgawanyo wake watumika mpaka leo kwa kuwa ni rahisi, na kila daraja laonyesha dawa yake. Daraja la kwanza, mfupa umepata ufa lakini haukusogea. La pili, umepinda, ila ganda lake la nyuma bado limeshika, kama kijiti kibichi ukikikunja. La tatu, vipande vimeachana kabisa.

Wa daraja la kwanza hufungwa plasta ngumu, ile ambayo mitaani huitwa hogo, kwa majuma 3 hivi. (Plasta hiyo hutengenezwa kwa jasi, jiwe lichimbwalo hata hapa Tanzania, huko Makanya na Itigi. Mholanzi Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi, ndiye aliyeanza kuipaka kwenye bandeji, mwaka 1851.) Kiwiko hukunjwa, lakini kisipite pembe mraba, yaani nyuzi 90. Kiwiko kilichovimba kikikunjwa mno, mshipa wa damu hubanwa.

Wa daraja la pili na la tatu hupewa nusu kaputi, mfupa ukavutwa na kurudishwa mahali pake. Wa tatu haukai peke yake, na wa pili pia mara nyingi hurudi ulikotoka. Basi daktari hupenyeza waya mbili au tatu nyembamba kupitia ngozi mpaka ndani ya mfupa, huku akitazama kwa mashine ya eksirei. Waya hizo zina jina la Mjerumani Martin Kirschner, aliyezianzisha mwaka 1909. Ncha zake huachwa nje ya ngozi chini ya bandeji, na baada ya majuma 3 au 4 huchomolewa bila kupasua. Mahali pasipo na mashine ya namna hiyo, mtoto hulazwa na mkono wake ukavutwa kwa kamba na uzito, kidogo kidogo, kwa majuma mawili au matatu mpaka mfupa uanze kushika. Ni njia ya zamani, nayo humchosha mama akaaye kando ya kitanda kuliko mtoto mwenyewe, lakini ni njia nzuri.

Wengine husema mifupa ya watoto hujinyosha yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Ni kweli kwa baadhi ya mifupa. Lakini humerasi hurefuka hasa upande wa bega: katika sehemu 10 za kukua kwake, 8 ni huko juu, na 2 tu ni karibu na kiwiko. Mfupa ulioungana upande-upande hapo chini hautapata nafasi ya kunyoka. Mtoto hukua na mkono uliopinda kuelekea mwilini, kama kitako cha bunduki. Mkono huo hufanya kazi, lakini umepinda.

Kupinda si hatari kubwa. Hatari kubwa ni damu. Mbele tu ya pale mfupa unapokatikia hupita mshipa mkubwa upelekao damu mkononi, pamoja na neva kubwa. Kipande cha juu huwa na ncha kali, nacho husukumwa mbele, kuelekea mshipa huo. Mshipa waweza kuchubuka, kubanwa, au kukatika. Tena damu ikivuja ndani ya misuli ya mkono wa chini, uvimbe huongezeka ndani ya ganda lisilotanuka, mpaka damu mpya haiwezi kuingia. Msuli usiopata damu huanza kuharibika baada ya saa chache, na zikipita saa sita hivi, mara nyingi hauponi tena. Hufa, ukageuka kuwa kama kamba, ukasinyaa na kuvuta vidole ndani. Mjerumani Richard von Volkmann, wa mji wa Halle, alieleza jambo hilo mwaka 1881, akaonya kwamba bandeji zilizokazwa mno ndizo huleta balaa hilo. (Huyu huyu Volkmann alitunga kitabu cha hadithi za kubuni, akakipa jina jingine la mwandishi. Sijui alipata wapi nafasi.)

Nina ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye mkono wake wa kulia uko hivyo. Alianguka akiwa na miaka 6. Alifungwa vijiti na kamba za magome, zikakazwa sana ili mfupa ushike. Usiku wa kwanza alilia. Usiku wa pili alilia zaidi, wakasema ni dawa inafanya kazi. Siku ya tatu alinyamaza, nao wakafurahi. Kumbe alinyamaza kwa sababu neva zilikuwa zimekwisha kufa ganzi. Sasa ni kijana mkubwa, anaandika kwa mkono wa kushoto, na analima, lakini jembe hulishika kwa namna yake.

Sisemi hayo ili kuwatukana waganga wa kienyeji wa kuunga mifupa. Wako wengi katika vilima vyetu, wazee wenye vidole vyenye akili, na miguu mingi iliyovunjika katikati ya mfupa wameinyosha ikapona. Mzee mmoja ninayemjua hupokea miguu, hupokea mikono, lakini kiwiko cha mtoto hakigusi. Humwambia mzazi aende hospitali siku ile ile, wala hachukui hata kuku. Huyo naona ni mganga kweli. Ubaya uko katika kukaza vijiti juu ya mkono ambao bado unavimba, na katika kukanda. Kukanda kiwiko kilichovunjika, hata kwa maji ya uvuguvugu na mafuta mazuri, huongeza damu kuvuja, na baadaye msuli uliokandwa waweza kuota mfupa ndani yake, kiungo kikagoma kukunjika. Na plasta ya hospitali yaweza kubana vile vile kama vijiti. Kwa hiyo mzazi asilale akidhani hatari imekwisha kwa kuwa mtoto amefungwa plasta nyeupe.

Atajuaje basi? Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na hasa maumivu makali mtu mwingine akimnyosha mtoto vidole polepole. Hiyo hutangulia nyingine zote. Mkono kuwa baridi, kupauka, na kukosa mapigo ya mshipa huja baadaye, nayo si lazima yaje yote. Minya ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi kabla hujahesabu mbili. Neva nazo hupimwa kwa mchezo. Mwambie mtoto afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada, ncha kwa ncha. Kisha ainue gumba kama anayesema "safi". Kisha atanue vidole vyote. La kwanza likimshinda, neva ya kati imeumia; la pili, neva ya rediasi; la tatu, neva ya alna. Mara nyingi neva hizo hupona zenyewe kwa miezi michache, lakini lazima daktari ajue hali yake kabla ya kuvuta mfupa. Na mtoto aliye ndani ya plasta akilia kwa maumivu yanayozidi, arudishwe hospitali usiku ule ule, plasta ipasuliwe toka juu mpaka chini. Plasta nyingine yapatikana kesho.

Aina nyingine nitazipitia upesi. Ya pili kwa wingi kwa watoto ni kifundo cha nje kuvunjika pamoja na sehemu ya uso wa kiungo. Hii ni ya hila. Mtoto havimbi sana, hulalamika kidogo, na katika eksirei huonekana kipande kama ukucha tu, kwa maana sehemu kubwa ya kipande hicho ni gegedu isiyoonekana. Lakini kikisogea zaidi ya milimita 2 huwa vigumu kuungana, kwa hiyo hupasuliwa kikafungwa kwa waya. Kikiachwa, mkono hupinda kuelekea nje mwaka hata mwaka, na neva ya alna huvutika polepole mpaka mtu mzima, aliyekwisha sahau kuanguka kwake, aona kidole kidogo kimekufa ganzi. Kifundo cha ndani nacho huvunjika kwa wale wa miaka 9 mpaka 14 hivi, mara nyingi pamoja na kiungo kuteguka. Daktari hutazama kama kipande hakikunaswa ndani ya kiungo.

Iko nyingine yenye jina la Giovanni Battista Monteggia wa Milan, aliyeieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei. Alna huvunjika, na kichwa cha rediasi huchopoka mahali pake. Macho huvutwa na alna iliyovunjika, wakasahau kutazama kiwiko. Alna hupona, rediasi hubaki nje, mkono haukunjiki. José Luis Bado wa Uruguay alizigawa katika aina nne mwaka 1967 kwa kufuata upande ambao kichwa hicho kimeelekea. Kinga yake ni kupiga picha ya kiungo cha juu na cha chini ya kila mfupa uliovunjika.

Kwa watu wazima mambo hubadilika. Kichwa cha rediasi huvunjika zaidi, M. L. Mason alizigawa aina zake tatu mwaka 1954 baada ya kupitia wagonjwa 100. Ufa usiosogea hutaka kombeo la kitambaa kwa siku chache tu, kisha mkono uanze kuchezeshwa; kipande kikubwa kilichosogea hufungwa kwa skrubu; kilichosagika huondolewa au hubadilishwa kwa cha chuma. Olekrano nayo huvunjika mtu aangukiapo ncha ya kiwiko. Mwambie ainue mkono juu ya kichwa na kuunyosha. Akishindwa, jua msuli wa nyuma umekivuta kipande chake. Hapo madaktari hufanya jambo linalonipendeza kwa ajili ya Fizikia yake: hupitisha waya mbili, halafu waya laini kama namba nane upande wa nyuma, na nguvu ile ile ya msuli iliyokuwa ikitenganisha vipande sasa huvibana pamoja kila mkono unapokunjwa. Humerasi ya mtu mzima ikipasuka mpaka ndani ya kiungo, ni kazi ya bamba na skrubu na fundi mwenye uzoefu. Kwa wazee sana, wakati mwingine huonekana ni heri kuuning'iniza tu na kuuchezesha mapema. Kiwiko cha mtu mzima hukakamaa upesi. Kikikaa ndani ya plasta zaidi ya majuma 3, aghalabu hakirudi kama zamani.

Tukutane sasa chini ya mwembe, mtoto yuko chini analia. Usiuvute mkono wala kuunyosha, uache ulivyo. Vua bangili na saa kabla uvimbe haujazidi. Penye jeraha, funika kwa kitambaa safi, na ujue kwamba ni haraka zaidi. Chukua katoni au jalada la kaunta buku, hata toleo la zamani la gazeti hili likikunjwa mara kadhaa lafaa, ukalizungushe chini ya mkono toka kwapani mpaka vidoleni, kwa umbo ule ule ulioukuta. Funga kwa vipande vya kanga juu na chini ya kiwiko, kamwe si juu ya kiwiko chenyewe, na pawe na nafasi ya kupitisha kidole. Vidole vya mkono viachwe wazi ili vitazamwe njiani. Asipewe chakula, kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi. Kisha safari: kwa wa Kibondo iko hospitali ya wilaya, kwa wa Kasulu iko Kabanga, Buhigwe iko Heri, huko Manyovu, na mjini Kigoma iko Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakiona yafaa, wao ndio watakaoandika barua ya kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mwandike saa aliyoanguka katika karatasi ya safari, maana kila daktari atauliza hilo kwanza.

Plasta ikisha kutolewa, mtoto aachwe acheze. Asivutwe mkono na mtu, wala asibebeshwe ndoo ili unyoke. Mwanzoni hatagusa bega lake. Baada ya majuma kadhaa atalifikia mwenyewe, na watoto wengi hurudi kama walivyokuwa katika miezi michache.

Mwalimu wa zamu ametukubalia kuweka katoni nne zilizokwisha kukatwa, mbili fupi na mbili ndefu, pamoja na vitambaa vya kombeo, katika sanduku la huduma ya kwanza la kila bweni. Kwa wale wa kidato cha kwanza wasiojua lilipo: ni juu ya kabati la viranja, na halifungwi kwa kufuli.